Gundi ya Unga

Kazi yangu ilikuwa gundi.
Unga wa ngano, maji ya moto, shabu kidogo
ili panya wasidhani karatasi ni mkate.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mjini Lynn,
ambako hata watoto wachanga walinuka ngozi ya viatu.

Mama alificha karatasi ndani ya aproni
akatoka na Ketura Gale, mfua nguo wa mtaa wa chini,
theluji ikiwafika vifundoni.
Hodi hapa, hodi pale.
Mlango wa kwanza: Mume wangu hayupo.
Mlango wa pili: Mume wangu yupo.
Jibu lilikuwa lile lile.

Jumapili mchungaji alikuwa amesema mimbarani
kwamba kuku jike akiwika, nyumba ina mkosi.
Mama alimsikiliza kwa adabu
huku akihesabu, vidole vikiwa ndani ya glavu,
nyumba ambazo hajazifikia.

Thankful Oakes alitia sahihi kwa mwandiko wa shule,
akaikausha kwa pumzi.
Mehitable Pruitt, mistari miwili iliyokatana,
na doa la wino alilotuomba radhi kwalo.
Mjane mmoja, simtaji, aliandika jina lake la usichana
akaliangalia
mpaka chai ikapoa.

Usiku ule Ketura alikaa jikoni kwetu.
Akatoa kiatu kimoja kwenye kapu la Mama,
kigumu, kisichojua kulia wala kushoto,
kimoja katika jozi sitini za wiki,
akauliza vinakwenda wapi.
Mama alijua. Mji mzima ulijua.
Vinakwenda Kusini, kwa meli, vimeshindiliwa mapipani.
Miguu ya nani, hilo hatukulisema wakati wa kula.

"Senna, dada yangu, yuko Georgia," Ketura alisema.
"Ana mguu mpana. Hiki kitamuuma kidole."

Mama hakugusa sindano tena usiku ule.
Asubuhi aliigusa, maana tulikula kwa sindano ile.
Sitampamba.

Ketura akataka Senna aandikwe.
Mama akasema haiwezekani, ni wakazi wa mji tu,
wakikuta jina moja la uongo watayatupa yote.
"La uongo?" Ketura akasema.
Neno likabaki pale jikoni mpaka moto ukafa.

Lakini mwenye gundi ni mimi.
Mahali karatasi ya nne inapoilalia ya tano
pana ukanda wa upana wa kidole, hauonekani.
Ketura alinitazama. Sikungoja kuambiwa.
Niliandika: Senna.
Nikapaka gundi, nikakandamiza kwa pasi iliyopoa.

Majina mia nne na kumi na moja. Na moja.
Tukayaviringisha, yakawa mzigo mnene
kama paja la mtoto, tukaufunga kwa uzi wa viatu,
ukaenda Washington.

Habari zilirudi mwezi Machi.
Hayakusomwa. Yamewekwa mezani,
ndivyo wasemavyo wabunge wakitaka kuzika kitu
bila kuchafua mikono.
Mama alicheka, mara ya kwanza tangu vuli.
"Mezani! Wanaume hawa hawajawahi kuandaa meza.
Kilichowekwa mezani kinamngoja mtu,
na asiyeketi leo, njaa itamketisha."
Akanipa senti, akanituma dukani kununua unga.

Siku hizi macho yangu hayatungi uzi
na nimejifunza jambo nisilolijua nikiwa mtoto:
gundi ya unga haidumu.
Unyevu ukiingia, inaachia,
polepole, kuanzia pembeni.
Watu husikitika nikiwaambia. Mimi silali kwa furaha,
nikiwaza stoo fulani kule, ukuta unaovuja,
karatasi ya nne ikijibandua kwenye ya tano
na jina moja likitoka nje,
unga mkavu bado umeng'ang'ania herufi zake.